Mjakaranda wenye panda iliyopasuka: ufungwe waya au ukatwe?

SWALI

Shikamoo mzee. Naandika kutoka Rau, hapa Moshi. Mbele ya nyumba tuna mjakaranda alioupanda baba mkwe, na yeye mwenyewe amezikwa hatua chache kutoka hapo, kivulini. Mti una mashina mawili makubwa yanayoachana kama mita mbili kutoka ardhini. Moja limeelekea barabarani, jingine liko juu ya bati la sebule na chumba cha watoto. Mwaka juzi jirani alikata migrevilia yote ya mpakani ili ajenge. Mwezi uliopita, usiku wa mvua kubwa, tulisikia mlio kama ubao umevunjwa, na asubuhi tukaona ufa pale mashina yanapokutana, unatoa maji meusi. Nimeshaita mafundi watatu. Wa kwanza amesema kata. Wa pili amesema tuzungushe mnyororo wa lori pale pale kwenye panda, tukaze. Wa tatu anataka kujaza simenti. Mume wangu yuko safarini na shemeji zangu hawataki hata kulisikia neno kukata. Je, mti kama huu ukifungwa unapona?

JIBU

Marahaba, mama. Kabla sijasema lolote kuhusu waya, wahamishe watoto kutoka chumba kile leo, walale upande wa pili wa nyumba mpaka mvua zikatike na mti uwe umekaguliwa. Gari lisiegeshwe chini yake, na kama kuna bembea, ifungue. Panda iliyokwisha kulia usiku mmoja wa mvua haina sababu ya kusubiri usiku wa pili, na majani yakilowa mti unabeba uzito mwingi kuliko unaoujua.

Sasa swali lako. Hauponi. Ngozi ya mtu ikikatwa inaungana, lakini mti hauna uwezo huo. Mbao iliyopasuka inabaki imepasuka hadi siku mti unapokufa. Unachoweza mti ni kuota mbao mpya juu ya jeraha na kulizungushia ukuta kwa ndani ili uozo usienee. Mmarekani mmoja, Alex Shigo, aliyekuwa mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, alitumia miaka mingi kupasua miti kwa urefu kwa msumeno na kuangalia kilichomo, na kuanzia miaka ya 1970 ndiye aliyewafanya watu wa kazi hii waache kusema "kuponya" na waanze kusema "kuzungushia ukuta". Waya basi si dawa. Waya unazuia mashina mawili yasiachane zaidi upepo unapovuma, na kazi yake inaishia hapo.

Ukishalishika hilo, mafundi wawili kati ya watatu wanajiondoa wenyewe.

Nianze na wa simenti, maana wake ni mfupi. Zamani Wamarekani walijaza mashimo ya miti kwa simenti, wakaifanya fani kabisa, kisha wakaiacha. Mti unayumba, simenti haiyumbi. Kila upepo, mbao inasagwa kwenye ukingo wa zege, maji yanaingia katikati yao na hayatoki, na uozo unapata nyumba yenye kivuli na unyevu. Halafu siku mti unapokatwa, msumeno unakutana na zege na anayeumia ni fundi. Ufa unaotoa maji uache utoe maji.

Wa mnyororo tunahitaji kuzungumza naye zaidi, kwa sababu kosa lake nililifanya mimi.

Miaka mingi nyuma nilifunga mti wa mteja kule Arusha. Nilizungusha waya kwenye mashina yote mawili, nikaweka vipande vya tairi chini yake ili usiume gome, nikakaza, nikalipwa, nikaondoka najisifu. Niliporudi baada ya miaka sita sikuuona waya. Mti ulikuwa umeumeza. Shina linanenepa kila mwaka na waya haunenepi. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kupitia tabaka jembamba lililo chini tu ya gome, na nilikuwa nimelibana tabaka hilo kama mtu anayeinyonga shingo taratibu. Juu ya waya shina lilikuwa limevimba, chini limekonda, na vuli ile ile likakatika hapo hapo nilipofunga. Tairi ilikuwa imeahirisha tu. Tangu siku hiyo sijazungusha kitu chochote cha chuma kwenye shina, na ukimwona fundi anazunguka mti wako na mnyororo, mpe chai, umwambie aende.

Kuna kosa la pili ndani ya ushauri wake, na hili ni la mahali. Anataka kufunga panda pale pale inapouma. Jaribu hivi: simama mlangoni, mtu akusukumie mlango, wewe uuzuie kwa kidole kimoja karibu na bawaba. Hutaweza. Sasa weka kidole kwenye kitasa. Panda ni bawaba, na upepo unasukuma kule juu kwenye majani. Ukifunga kwenye bawaba unahitaji nguvu ya lori. Ukifunga juu, waya wa unene wa kidole unatosha. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa na watu wa kazi hii ni kupima kutoka panda hadi kilele, kisha kufunga kwenye theluthi mbili za urefu huo. Tuseme mjakaranda wako una mita 18 na panda iko mita 2. Juu ya panda kuna mita 16, theluthi mbili yake ni kama 10 na nusu. Waya utakaa mita 12 na nusu hivi kutoka ardhini, mahali ambapo fundi wa mnyororo hakuwa na mpango wa kufika.

Kwa nini panda yako ilikuwa dhaifu tangu mwanzo? Angalia panda ya mti mwingine wowote uwanjani, ile iliyo pana kama herufi U. Juu yake utaona gome limejitokeza nje, limeinuka kama tuta dogo. Hiyo ni alama kwamba mbao za pande mbili zimesukana ndani. Panda mbaya ni nyembamba kama V, na gome limejikunja kuingia ndani badala ya kutoka nje. Mashina mawili yanagusana lakini hayajaungana; ni kama watu wawili wenye makoti mazito waliosimama mgongo kwa mgongo. Kila mwaka yananenepa, na kila mwaka yanasukumana. Mti wenyewe unajua kuna tatizo, ndiyo maana pembeni mwa panda za aina hii unaota uvimbe mfano wa masikio mawili, ukijaribu kuongeza mbao panapohitajika. Mjakaranda unapenda sana kuota hivi, hasa ukiachwa bila kupogolewa ukiwa mdogo. Haya mambo yangemalizwa kwa mkasi wa kupogolea mti ukiwa na urefu wa mtu, lakini sisi wa huku tunaupanda kwa ajili ya maua ya Oktoba na hatuutazami tena mpaka ulie.

Na kwa nini ulie sasa, baada ya miaka yote hiyo? Umeliandika jibu wewe mwenyewe bila kujua. Migrevilia ya jirani. Mti unajijenga kwa upepo unaoujua. Kwa miaka mingi mpaka ule ulikuwa ukuta, na mjakaranda haukuwahi kuhitaji panda yenye nguvu upande huo. Ukuta ukaondoka kwa siku moja. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayousukuma mti inakuwa mara nne, na mti unahitaji miaka kadhaa kujizoeza. Wako haukupewa. Mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika uko kwenye mlima wetu huu huu, mita 81 na nusu, na umesimama ndani ya bonde lenye kina, umezungukwa na wenzake. Sidhani kama ungefika nusu ya urefu huo pale Rau barabarani.

Hapo ndipo ninapotaka tupunguze haraka, kwa sababu kuna maswali mawili yanayotangulia waya, na nikijibiwa vibaya hata moja, fundi wako wa kwanza ndiye mwenye haki.

La kwanza ni mizizi. Waya unafunga shina kwa shina. Mti ukiamua kung'oka mzima, utaanguka na waya wake juu. Jirani alichimba msingi umbali gani? Na naomba unisamehe kwa swali hili: kaburi la mzee liko hatua ngapi kutoka kwenye shina, na lilichimbwa lini? Kaburi linakata mizizi kama mtaro mwingine wowote, na likishajengewa vigae maji hayapenyi tena upande huo. Kama ni miaka mingi na mti umeendelea kutoa majani mazito pande zote, mizizi mingine imeshachukua nafasi. Kama ni juzijuzi, na liko chini ya mita tatu, ni jambo la kuangaliwa. Zunguka shina lote chini: tafuta uyoga unaoota kwenye mizizi, udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja, gome linalobonyea. Ukikuta kimojawapo, acha habari ya waya, mwite mtu wa kukata kwa utaratibu.

La pili ni uzima wa mbao yenyewe. Gonga shina kwa nyundo ya mbao, kuanzia chini kwenda juu, juu ya panda na chini yake. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, fupi; yenye shimo inajibu kama debe. Shimo dogo katikati si kitu, kwani bomba nalo ni tupu ndani na lina nguvu. Lakini bolti inahitaji mbao ya kushika, na mahali ambapo mbao nzima haifiki hata asilimia 30 ya kipenyo hatutoboi kabisa. Maji meusi peke yake yasikutishe. Ni maji yaliyokaa ndani ya gome lililobanwa na sasa yamepata mlango.

Kisha pima ufa. Piga misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, pima kati yao kwa futi ya fundi cherehani au rula, andika na tarehe. Pima tena kila baada ya upepo mkali. Na siku ya upepo simama mbali, upande ambao mti hauwezi kukufikia, uangalie panda kwa darubini kama unaweza kuazima. Ukiona ufa unafumbua na kufumba kama mdomo, au ukauona pande zote mbili za shina, na misumari inaachana wiki hadi wiki, basi mti umeshaamua. Hapo sitapandisha fundi yeyote juu yake, wala usikubali anayejitolea. Mtu aliyejifunga kamba kwenye shina linalopasuka amejifunga kwenye kitu kinachoanguka.

Nadhani, kwa jinsi ulivyoeleza, tuko kwenye hali ya katikati: ufa umefunguka mara moja, haujaendelea. Kwa hali hiyo ningefanya kazi tatu kwa mpangilio huu, na ya kwanza ndiyo kubwa kuliko waya.

Punguza mzigo. Watu wengi wanaruka hapa kwa sababu waya unaonekana na upogoleaji hauonekani. Ukifupisha matawi marefu ya pembezoni kwa mita moja na nusu au mbili, unapunguza upepo unaokamatwa na pia unapunguza urefu wa wenzo, na hayo mawili yanazidishana. Tawi likatwe pale lilipotoa tawi dogo la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya lile linalokatwa, ili lichukue nafasi yake. Usimruhusu mtu aunyoe kipara. Mjakaranda ulionyolewa unajibu kwa machipukizi yaliyosimama wima kama mishumaa, marefu, yameshikilia kwenye ganda tu, na baada ya miaka mitano una matatizo ishirini badala ya moja. Majani yanayoondolewa yote kwa pamoja yasizidi robo. Na sehemu iliyokatwa isipakwe rangi wala oili chafu. Mti hauihitaji, na unyevu unaofungiwa chini yake unaufurahisha uozo.

Hapa nikuambie na kosa langu la pili, maana linaweza kukuokoa. Juu kule kwenye miti yenye panda mbaya mara nyingi utakuta tawi la shina hili limevuka na kulala juu ya shina lile, yamesuguana mpaka pengine yameungana. Fundi nadhifu anapenda kulikata. "Matawi yanasuguana, si vizuri". Nililikata moja la namna hiyo kwenye mti mmoja, nikaona nimeusafisha. Haukumaliza vuli. Lile tawi ndilo lililokuwa waya wa mti, waya uliojifungia wenyewe, na kwa sababu lilikuwa likizuia mwendo, panda chini haikuwahi kujizoeza. Waingereza wamelifanyia utafiti jambo hili kwenye panda za miti midogo ya kwao, na walichokikuta ndicho nilichojifunza kwa hasara: penye tawi la kushikilia juu, panda chini ni dhaifu, na ukiliondoa inapasuka. Kabla ya msumeno kuwashwa, mwambie fundi aangalie kama lipo. Likiwepo, libaki.

Kazi ya pili ni waya wa juu. Nakueleza kwa undani ili umsimamie fundi, si ili ufanye mwenyewe. Kila shina linatobolewa tundu moja moja kwa moja hadi upande wa pili, na tundu liangalie kule waya unakoelekea, ili bolti ivutwe kwa mstari na si kwa kupindishwa. Tundu lisizidi moja ya sita ya kipenyo cha shina mahali pale. Kama shina lina sentimita 15 kule juu, mwisho ni sentimita mbili na nusu, na bolti ya milimita 16 inaingia kwa raha. Bolti iwe na jicho lililofungwa kabisa. Lile la kukunja ambalo mdomo wake umeachwa wazi litafunguka siku ya kazi. Nyuma kuna washa pana na nati, na washa ikae juu ya mbao, si juu ya gome: gome linatolewa kwa patasi, duara la ukubwa wa washa tu. Mti utakuja kuifunika washa ile kwa mbao mpya, na hilo tunalitaka.

Watu wanashangaa: kutoboa shina si kuliumiza? Ni kuliumiza, ndiyo. Lakini tundu jembamba mti unalizungushia ukuta kwa urahisi, na chakula kinapita pembeni yake kama maji ya mfereji yanavyopita jiwe. Mnyororo ni bwawa.

Waya wenyewe uwe wa chuma uliopakwa zinki, milimita 10, na usiwe na katani katikati, kwa sababu katani inanyonya maji na kuozesha waya kutoka ndani bila wewe kuona. Kwenye jicho la bolti weka kile kibati chenye umbo la tone la maji ili waya usikunjike. Mwisho wa waya unarudishwa na kubanwa kwa klipu tatu, zikiachana kama sentimita sita, na hapa ndipo mafundi wetu wengi wanakosea hata kwenye minara: klipu ina upande wa tandiko na upande wa bolti iliyopinda. Tandiko linakaa juu ya waya mrefu unaobeba mzigo. Bolti iliyopinda inakaa juu ya mkia mfupi. Ukigeuza, bolti inaukata waya unaoutegemea. Baada ya wiki chache za upepo mtu apande azikaze tena.

Waya usikazwe kama gitaa. Unaondoa ulegevu tu, basi. Mjakaranda unaofungwa wakati wa kiangazi umepukutisha majani, na majani yakirudi pamoja na mvua mashina yatainama kidogo nje na waya utajikaza wenyewe. Ukikazwa sana, unahamisha tatizo kutoka panda hadi kwenye tundu la bolti.

Kazi ya tatu ni kwa sababu panda yako imeshapasuka. Panda ambayo haijapasuka ningeiachia waya wa juu peke yake. Iliyopasuka inahitaji pia fimbo za chuma zenye uzi wa nati, zinazopita kwenye mashina yote mawili. Kwa mashina ya unene wa sentimita 45 hivi, fimbo za milimita 20. Moja inapita juu ya panda, pale mashina yalipokwisha kuachana, na nyingine inapita chini ikivuka ufa wenyewe. Zisiwe kwenye mstari mmoja wa wima, maana mbao inapasuka kufuata nyuzi zake, na matundu mawili yaliyopangana juu na chini ni kama mstari wa kuchania tiketi. Kabla ya kukaza nati, mashina yanavutwa taratibu kwa winchi ya mkono iliyofungwa juu, kwa mikanda mipana ya nguo ambayo inatolewa siku hiyo hiyo. Usilazimishe ufa ufumbe wote. Ukirudi nusu unatosha. Na fimbo bila waya wa juu ni nusu ya kazi: zinashika bawaba tu, na upepo bado uko kwenye kitasa.

Fimbo utazipata kwa wauza vifaa vya ujenzi, au fundi wa kukereza vyuma akukatie uzi kwenye chuma cha mviringo. Nondo ya zege usikubali. Mistari iliyo juu yake si uzi wa nati, na nimeshaona mtu akichomelea bamba kwenye ncha ya nondo ikiwa imeshaingia mtini, moshi unatoka tunduni. Keekee iwe ndefu na yenye makali. Butu inachoma mbao badala ya kuikata.

Utasikia pia habari za kamba laini za plastiki zinazofungwa bila kutoboa, zilizoanzia Ujerumani miaka ya 1990. Ni nzuri, nazipenda kwa panda nzima yenye wasiwasi, kwa sababu zinaacha mti uyumbe kidogo na ujizoeze. Zina kitanzi kipana kinachotanuka mti unaponenepa, na zina muda wake wa kubadilishwa. Kwa ufa ulio wazi kama wako hazifai. Panapopasuka tunataka pasicheze. Wala usimruhusu mtu akuletee kamba ya katani au ya plastiki ya dukani akasema ni ile ile. Jua la hapa litaila.

Baada ya kufunga, mama, umepata mtoto mwingine wa kulea. Kila mwaka masika ikiisha mtu aangalie kwa darubini kutoka chini: kutu, waya uliolegea, nati iliyozama, ufa mpya. Kila baada ya miaka michache apande mtu. Na kuna jambo moja ambalo hata wasomi hulikosea: wanadhani waya utapanda juu kadiri mti unavyorefuka. Haupandi. Mti unarefuka kwenye ncha zake tu. Jina ulilochora kwenye gome ukiwa shuleni bado liko kimo kile kile. Kwa hiyo kilele kinaondoka na waya unabaki, na baada ya miaka kumi au kumi na tano theluthi mbili yako imekuwa nusu. Hapo unafungwa waya mpya juu zaidi, na ule wa zamani hauguswi mpaka mpya uwe umeshika kazi. Asiye tayari kwa habari hii yote ya miaka ijayo ni afadhali akate sasa, na nasema hivyo bila kumlaumu. Waya uliosahauliwa ni hatari kuliko mti usiofungwa, kwani watu wanalala chini yake wakiuamini.

Waambie shemeji zako mambo mawili. Kwamba nimesema haujafika pa kukatwa, kwa maelezo niliyo nayo. Na kwamba kuna njia ya tatu hawajaitaja, nayo ni kuondoa shina moja: lile la juu ya bati lishushwe vipande vipande kwa kamba, libaki la barabarani. Siipendi sana, kwa sababu inaacha kidonda kikubwa karibu na panda na mti unabaki umeegemea upande mmoja, lakini misumari yako miwili ikianza kuachana inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kubaki na kivuli juu ya kaburi.

Kazi isifanywe sasa. Subiri mvua zikatike, Juni ikishatulia, mbao ikiwa kavu na upepo mdogo wa asubuhi. Kwa kuwa shina moja liko barabarani, pita ofisi ya mtaa na ya manispaa ujue kibali kinachohitajika, na waya wa umeme unaoingia nyumbani TANESCO wauzime siku hiyo. Usikubali fundi akwambie atauepuka. Aje na mkanda wa kupandia, kofia ngumu na mtu wa chini anayejua kamba. Mwulize atafunga wapi. Akionyesha panda kwa kidole, asante, kwaheri. Akionyesha juu, mwulize na upande wa tandiko la klipu.

Na kaburi lifunikwe kwa magodoro ya zamani na mbao juu yake kabla ya tawi la kwanza kushuka. Tawi la kilo arobaini likitua kwenye vigae vya mzee, hakuna shemeji atakayekumbuka kwamba mti umebaki.